Daftari la Baraka, Parokia ya Mtakatifu Ana

1.

MATANGAZO YA JUMAPILI

Komunyo ya kwanza: watoto sitini na wawili. Wazazi, viatu vyeupe viwe vya saizi ya mtoto, si vya kaka yake.

Kipaimara: Askofu atafika mwisho wa Julai. Kwaya wajiandae mapema safari hii.

Jubilei ya miaka hamsini ya ndoa: Mzee Mlowe na mkewe. Wote mnakaribishwa.

Kiangazi hiki Mungu ametukumbuka.

L. Mgaya, Katibu wa Parokia.


2.

Huyo L. ni Leokadia. Mjane wa miaka hamsini na sita, sweta la kijani, miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Mwaka wa kumi na tisa huu anaandika furaha za watu. Akimaliza hufunga ofisi na kurudi nyumbani kupika ugali wa mtu mmoja, na ugali wa mtu mmoja ni kazi ngumu kuliko wa watu kumi. Unga ukizidi kidogo tu, unaula na kesho.


3.

Kutoka DAFTARI LA BARAKA, Julai

Pikipiki mpya ya Sanga.
Nyumba ya Mwalimu Chaula, vyumba vitatu, choo ndani.
Ng'ombe wa Mama Mtewele, ana mimba.
Pikipiki ya Sanga, mara ya pili, baada ya kuanguka.
Mtoto aliyechelewa kutembea, sasa ametembea.

Kila kinacholetwa kwa Padre kubarikiwa huandikwa humo. Pindua kurasa zote za miaka kumi na tisa. Mwandiko ni wa Leokadia, jina lake halimo.


4.

Barua kutoka parokia moja ya Singida.

YAH: OMBI LA CHETI CHA UBATIZO KWA AJILI YA NDOA

Tunaomba mtupatie cheti kipya cha Editruda Aloisi Mgaya, aliyebatizwa kwenu, anayetarajia kufunga ndoa hapa tarehe 24 Agosti na Damiano Mughenyi. Bila cheti hicho ndoa haitafungwa. Tunaomba pia itangazwe kwenu Jumapili tatu mfululizo.

Baba: marehemu.
Mama: yupo hapohapo parokiani.

Yupo hapohapo. Kama kabati.


5.

Kilichotokea, kwa kifupi, maana mwenyewe hakisimulii.

Miaka minne iliyopita Editruda alikuwa novisi kwa masista, amebakiza wiki mbili aweke nadhiri zake za kwanza. Leokadia alikwisha kulitangazia kanisa zima na kushonesha sare za ukoo. Binti akarudi mchana kweupe, saa ya watu kutoka sokoni, na begi mkononi. Leokadia aliongea naye kupitia dirisha.

"Mama, nifungulie basi tuongee."

"Tuongee nini? Nimeshatangaza."

Hakumfungulia.

 

Hakumfungulia.

Binti alikaa kibarazani mpaka jioni ilipoanza kuingia na baridi yake, kisha akanyanyua begi. Hapo tu mama akasema tena, dirishani vilevile: "Jifunge kitambaa. Kuna upepo."

Hayo ndiyo maneno yao ya mwisho. Tangu hapo watu wakaacha kumwita Mama Editruda. Wakamwita Katibu, naye akaitika.


6.

JUMAPILI YA KWANZA

Katibu anaumwa koo. Matangazo yamesomwa na katekista.

Koo halikuwa linauma.


7.

Nje ya kanisa, akina mama wawili:

"Si yule wa utawa?"

"Ndiye. Na mamaye hata hakusoma."

"Muache. Mie ningezimia palepale."

"Sasa ataenda?"

"Aende kwa mwaliko wa nani?"


8.

JUMAPILI YA PILI

Alisoma mwenyewe. "Editruda, binti wa marehemu Aloisi Mgaya na

 

 

anatarajia kufunga ndoa na Damiano Mughenyi."

Kanisa likakohoa.


9.

Ofisini, Padre Nyagawa na Leokadia.

"Mama, umeruka jina."

"Nimeruka, Padre."

"Na cheti? Singida wamepiga simu, hawajakipata."

"Nilikijaza siku ileile barua ilipofika."

"Kipo wapi?"

"Nyumbani."

"Unajua bila hicho hawafungi."

"Najua, Padre. Mimi ndiye katibu."


10.

Wewe unayesoma, usimkasirikie haraka. Hakukikalia kwa ubaya. Kilikuwa kitu pekee cha mwanawe kilichoingia nyumbani kwa miaka minne. Alikiweka mezani wakati wa kula, upande wa pili, mbali na mchuzi. Alikuwa mpweke, basi. Neno lenyewe ndilo hilo, hana jingine.

Ila harusi ni ya mtu, na karatasi ni ya harusi.


11.

CHETI CHA UBATIZO

Jina: Editruda
Baba: Aloisi Mgaya (marehemu)
Mama: Leokadia Mgaya
Maelezo mengine:

Hapo kwa miaka yote huandikwa "hakuna". Safari hii, kabla cheti hakijatumwa Singida, pameandikwa:

Katibu anaomba kujua saa ya misa.


12.

JUMAPILI YA TATU

"Editruda, binti wa marehemu Aloisi Mgaya na Leokadia Mgaya."

Akavua miwani.

"Ambaye ni mimi."

Akavaa miwani.

"Anayejua kizuizi cha ndoa hii amjulishe Paroko."

Hakuna aliyekohoa.


13.

Jumatatu. Ng'ombe wa Mama Mtewele amezaa. Barua hakuna.
Jumanne. Picha za kipaimara zimefika, Askofu amefumba macho zote. Barua hakuna.
Jumatano. Mzee Mlowe ameleta keki iliyobaki kwenye jubilei. Leokadia alikula kipande amesimama.
Alhamisi.
Ijumaa.

Hakuna.


14.

Jumatatu nyingine. Bahasha kutoka Singida, na ndani karatasi moja.

Cheti kimepokelewa. Ndoa itafungwa kama ilivyopangwa.

Muhuri. Sahihi ya paroko wa huko. Na chini ya muhuri, kwa mwandiko ambao Leokadia mwenyewe aliufundisha, kwa kalamu ya risasi, juu ya meza ileile ya kulia:

Saa nne asubuhi. Huku kuna upepo.

Alilia. Alilia kwa sauti, ofisini, mlango ukiwa wazi, na Sanga amesimama kizingitini na kofia yake ya pikipiki, hajui kama aingie au arudi kesho.

"Ingia," alimwambia. "Umeanguka tena?"

"Kidogo tu, Mama Editruda."


15.

Kutoka DAFTARI LA BARAKA, Agosti

Ndama wa Mama Mtewele.
Pikipiki ya Sanga, mara ya tatu.
Vitambaa vya kichwa, viwili.
Msafiri: Leokadia Mgaya. Anakwenda kwa mwanawe.