Mvamizi Alipojibu Tega

Ukweli ni kwamba sikuombwa. Siku hizi watu wa mtaani wanasema mjukuu wangu alinibembeleza niigize kwenye filamu yake, nami nawaacha waseme, maana yanapendeza masikioni. Lakini aliyeombwa alikuwa msusi, mwanamke mrembo mwenye sauti ya kupasua vioo. Asubuhi ile msusi alipotuma ujumbe kwamba saluni imemjaa wateja hawezi kuja, mimi nilikuwa nimeshavaa gauni langu la maua na wanja nimepaka. Sijui nilijuaje. Moyo ulinituma tu.

"Bibi, unaweza kupiga mayowe?" mjukuu aliniuliza, macho yake kwenye wanja.

"Mimi? Ungemuuliza marehemu babu yako."

Filamu yenyewe ni ya kuchekesha. Viumbe kutoka sayari nyingine wanakuja kuiteka dunia. Wanapotea njia, wanatua nyuma ya nyumba ya bibi mmoja na kuingilia mlango wa jikoni. Bibi anawaona, anapiga mayowe, anaanguka na kuzimia. Wao wanadhani watu wa dunia wakisalimu amri ndivyo wanavyofanya, basi wanatangaza ushindi. Vituko vyote vinaanzia hapo. Sehemu nyingine mjukuu alikuwa amekwisha kuzipiga. Yalibaki mayowe ya bibi tu.

Na si filamu peke yake iliyoyangoja. Mkwe wangu, yaani mama yake huyu mjukuu, alikuwa amechoka kuona binti mzima anashinda akining'iniza sahani kwa uzi na kuziita vyombo vya angani. Wakaelewana hivi: ukumbi wa sinema wa mjini ukiipokea filamu, binti aendelee na mambo yake. Ukiikataa, anaanza kazi kwenye ofisi ya bima ya mjomba wake. Mjukuu wangu namjua. Ukimweka nyuma ya dawati agonge mihuri, atanyauka kama mche uliosahauliwa kabatini.

Wakati nao ulikuwa umetubana. Mwenye kamera aliitaka jioni ileile, kesho yake ana harusi ya kupiga picha. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, na betri ilikuwa na chaji ya kubahatisha. Kwa hiyo mke mwenzangu, ndivyo ninavyomwita huyu mjukuu tangu azaliwe, alisimama katikati ya jiko langu akatutangazia.

"Leo hakuna mchezo. Tukikosea, tunarudia haraka. Betri ikiisha, basi tena."

"Hakuna mchezo," nikaitikia, kwa sauti ya mtu anayejua kazi.

Nikwambie uzoefu wangu. Shule ya msingi niliwahi kuigiza mti. Mwalimu alisema nilitikisika mno.

Mkuu wa wavamizi alikuwa fundi cherehani wetu, jirani wa ukuta kwa ukuta. Alijishonea joho kwa mapazia yangu ya zamani, akajipaka rangi ya kijani hadi shingoni, akavaa miwani ya kuogelea na kujifunika kichwa kwa chujio la plastiki. Kutwa nzima alikuwa akifanya mazoezi ya lugha ya sayari yao, aliyoitunga mwenyewe kwenye cherehani: "Gru gru, makrusha, gru!" Alijivunia lugha ile kuliko suti yoyote aliyowahi kushona. Mkwe wangu yeye alisimama dirishani ameshika ubao mweupe wa kurudishia mwanga wa jua usoni kwangu. Aliushika kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa jirani.

"Mama, ukianguka uanguke taratibu," akaniambia. "Goti lako hilo."

"Waigizaji hatuna magoti," nikamjibu.

Tukaanza. Mlango ukasukumwa, fundi akaingia na joho lake, mikono juu. "Gru gru!"

"Karibu, fundi," nikasema.

"Kata!" mjukuu akapiga kelele. "Bibi! Humjui huyo! Ni kiumbe kutoka angani!"

"Nisamehe. Mlango ukifunguka, mdomo nao unafunguka."

Akatoka, akaingia tena. Safari hii niliubana mdomo sawasawa, nikakusanya pumzi, nikapiga mayowe. Mimi niliyasikia makubwa mno, nikaogopa majirani watakuja na ndoo za maji. Mjukuu akaturudishia tusikilize kwenye kamera. Jamani. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekalia kijiko.

"Mama alivyosema tumuulize marehemu," mkwe akanong'ona, "labda marehemu alikuwa hasikii."

Mara ya tatu nilikuwa na hasira, na hasira ingenisaidia, ila yule fundi kwa kujiongeza akaamua mvamizi akalie kiti changu. Rangi ya kijani ilikuwa haijakauka.

"Wee! Usikalie mto wangu!"

"Kata," mjukuu akasema, kwa sauti ya chini sasa. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliinamia kamera, akagusa hiki na kile, nikaona kidevu chake kinacheza kama alipokuwa mdogo, anapojizuia asilie mbele ya watu. "Betri inapepesa nyekundu. Tunapata mara moja tu. Nikishawasha sizimi, maana ikizimwa haiwaki tena. Bibi wangu, piga kelele tu. Usiseme neno. Piga kelele, anguka."

"Nimeelewa."

Na kweli nilikuwa nimeelewa. Tatizo nilielewa mno. Nilisimama karibu na meza nikawaza ile ofisi ya bima, nikawaza mihuri, nikawaza mjukuu wangu amevaa sketi ya kijivu kwa sababu bibi yake alipaka wanja bila kuombwa. Mlango ukafunguka. Fundi akaingia, mikono juu, "Gru gru, makrusha!" akasimama mbele yangu akingoja.

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Nikafungua tena. Kimya. Fundi akaongeza "gru" moja ya kunisaidia. Nikaona taa nyekundu ya kamera inapepesa, na mimi hapo mdomo wazi kama dirisha la choo. Katika kutapatapa kule, ulimi ukashika kitu cha kwanza ulichokikuta, kile ambacho umekisema maisha yangu yote, kwa watoto, kwa wajukuu, kwa wagonjwa na kwa mafundi wa bomba.

"Kitendawili!"

"Tega!" mvamizi akajibu.

Akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili, rangi ikamwingia puani. Lakini angefanyaje? Nani kati yetu, tangu utotoni, ameitwa hivyo akanyamaza? Hata ungetoka angani kweli, ukikaa hapa nusu saa utajibu tega.

Nikamtazama mjukuu. Alikuwa amejishika kichwa, lakini hakusema kata. Hakuweza. Basi nikaona la kufanya ni kwenda mbele tu, kama mtu aliyeteleza ngazini akaamua kushuka mbio.

"Kila siku ananivamia nyumbani. Hapigi hodi, hali, hanywi. Nikizima taa, hayupo."

Fundi akasahau kila kitu. Huyu bwana kwa vitendawili ni mshindani, hakubali kushindwa hata na mtoto wa chekechea. Akavuta chujio nyuma apate hewa, akakuna shingo ya kijani.

"Nzi."

"Nzi hali? Njoo umwone kwenye sukari yangu."

"Mbu!"

"Mbu huyo anangoja hasa uzime taa."

"Basi…" Akazunguka meza, joho linaburuzika. "Basi ni sisi. Sisi wavamizi!"

"Nyinyi mnaondoka? Si ndiyo nangoja hapa muondoke! Umeshindwa. Nipe mji."

Akasimama. Ndiyo kanuni, asiyejua hutoa mji, naye kanuni anaziheshimu. Lakini kumbe alikumbuka pia kwamba yeye ni mkuu wa jeshi. Akajinyoosha, akafunga joho lake vizuri.

"Miji yote tuliyonayo tumeiteka leo asubuhi," akasema kwa heshima kubwa. "Bado hatujaizoea."

"Nipe mmoja."

"Wakubwa zangu huko juu watanisema."

"Uje na wakubwa zako, niwategee na wao. Mji, fundi!"

"Haya, chukua huu huu! Chukua na ule wa bandari!" Akashusha pumzi. "Sasa niambie jibu, maana sitalala."

"Nilikwenda kwenye mji wako huo," nikasema kwa madaha, "nikakuta watu wake wazuri, wakanikaribisha, wakanipa kiti kisicho na rangi. Jibu ni kivuli."

"Kivuli!" Mvamizi akajipiga paji la uso, chujio likamdondoka. "Kivuli! Tega kingine! Nirudishe miji yangu!"

Hapo mwanga ukaanza kuyumba jiko zima, ukutani, kwenye masufuria, usoni kwangu. Nikadhani jua linaanguka. Kumbe ni mkwe wangu, amekumbatia ubao, anacheka mpaka mabega yanamruka, hana sauti, machozi yanamtoka. Kamera ikalia kidogo, ikazima.

Nikaanza kuomba radhi. Nikaomba radhi kwa mjukuu, kwa fundi, hata kwa mto. Mjukuu hakunisikiliza. Alikaa sakafuni akaanza kujisemea: basi wavamizi wanapoteza dunia kidogo kidogo, mji kwa mji, kwa sababu hawawezi kuacha kujibu tega. Siku zilizofuata akakatakata sehemu alizokwisha kupiga, akazipanga upya, akanirekodi nikitega vitendawili vingine, sauti tu, bila uso. Alisema sauti inatosha. Sikumwuliza kwa nini.

Tukampelekea msimamizi wa ukumbi. Akaitazama filamu yote ameegemeza shavu mkononi, hakutikisa hata unyusi.

"Naichukua," akasema mwishoni. "Jumamosi mchana. Kipindi cha watoto."

Nilimwona mjukuu akimeza mate. Yeye aliitengeneza kwa ajili ya watu wazima, wale wa usiku wanaokuja wamevaa viatu. Nikamgeukia mkwe, nikijua atasema nini: kwamba watoto si ukumbi, na makubaliano ni makubaliano. Nilikuwa tayari kabisa kuingilia, mikono kiunoni.

"Ukumbi ni ukumbi, mama," mjukuu akamwahi.

Mkwe akaokota uzi kwenye mkoba wake. Kisha akatoa simu akatoka barazani. Sisikilizi simu za watu, ila mlango ule haufungi vizuri.

"Kaka, ile nafasi mpe mtu mwingine," nilimsikia. "Hapana, si kwamba amepata pesa. Kachekesha… Nani? Mimi! Mimi ndiye niliyecheka. Ubao nusura uniponyoke, nitamwambia nini tena mtoto?"

Jumamosi nilivaa gauni la maua, nikakaa safu ya katikati ili nionekane pande zote. Watoto walijibu "Tega!" wote kwa pamoja, ukumbi ukatetemeka, msimamizi mwenyewe akachungulia kuona kulikoni. Taa zilipowashwa, mtoto wa kike aliyekaa mbele yangu akageuka, akapiga magoti kitini na kunikazia macho.

"Bibi, wewe ndiye yule?"

"Ndiye," nikasema, nikainua kidevu kidogo.

"Yule wa kijani anaigiza vizuri sana."

"Na mimi je?"

Akafikiri, kwa huruma nadhani.

"Wewe ulikuwa unaongea tu," akasema, akashuka kitini kwenda kumtafuta mvamizi.