Mkono wa Adongo

Nilichoona kwanza ni Adongo akilamba kidevu cha pacha wake. Apiyo alikuwa amelala, na harufu ya njugu bado ilikuwa mdomoni mwake.

Njugu hizo zilitoka kliniki, hapa mtaani Satellite, mwaka ule wa 2008 unga ulipopanda bei hadi watu wakapika uji jioni badala ya ugali. Muuguzi aliwafunga watoto wa dada yangu Philister utepe wa rangi mkononi, wa kupima wamekonda kiasi gani. Apiyo alifika kwenye nyekundu, akapewa pakiti za njugu zilizosagwa zikachanganywa na maziwa. Adongo alikuwa njano, hakupewa kitu. Philister akaeleza kwamba kwetu mapacha hupewa sawa. Muuguzi akajibu kuwa hiyo ni dawa, si chakula, na mama atakayegawa ataondolewa kwenye mpango. Adongo apewe mayai, maziwa na mboga nyumbani.

Mboga! Mimi na Philister tulikuwa tunaosha karoti za supamaketi katika stoo moja Westlands. Zilizopinda zilipelekwa kwa ng'ombe wa mwenye stoo, na jioni mlinzi alitupekua mpaka ndani ya leso.

Basi kila pakiti ilipofunguliwa, nilimbeba Adongo nikamtoa nje. Akaanza kuujua mlio wa ile karatasi. Akiusikia alinyoosha mikono kuelekea mlangoni, nami nilizunguka naye kwenye ploti nikimwimbia.

Apiyo akanona. Adongo akaacha kunyoosha mikono.

Siku ya kurudi kliniki, kina mama walikuwa wakitaniana kwenye benchi. Jirani yetu Kanyiva alimtazama Adongo, akamgeukia dada yangu.

"Mama pacha, huyu naye ako na kichwa ngumu. Mwambie aache maringo, akonde kidogo tu, apate pakiti."

Tulicheka, hata Philister.

Muuguzi alizungusha utepe kwenye mkono wa Adongo. Akausoma, akatabasamu. Hakuwa mtu mbaya. Alifurahi kwa ajili yetu.

"Haya, mama pacha. Sasa huyu pia amefika."

Akampa Philister pakiti za Adongo, naye akazipokea kwa mikono miwili. Kisha muuguzi akampima Apiyo. Amepona, akasema, kwa hivyo zake zimekwisha. Akatukumbusha tusigawe. Apiyo apewe mayai, maziwa na mboga nyumbani.

Apiyo alikuwa mgongoni mwangu, amezikodolea macho zile pakiti. Nikajua sasa ni yeye nitakayemtoa nje.

"Asante, sista," nikasema, kwa sauti yangu ndogo ambayo watu huniomba nirudie.

Hili sikulisema. Sista, Adongo alikuwa na njaa tangu siku ile ya njano. Ulimshika mkono, ukauona ulivyo, ukaturudisha nyumbani tukangoje aharibike zaidi. Pakiti hizi tutazigawa. Mimi simtoi mtoto nje tena.