Bipu ya Saa Nne

Ti. Kimya kidogo. Ti, ti.

Chumbani bado kulikuwa na giza, na sauti ile ilitoka ndani ya blanketi, upande wa ukutani. Mama Chiriku akanyoosha mkono akapapasa. Alishika kisigino chenye joto, kisha goti, kisha kidole kidogo kilichokuwa kikibonyeza simu ya Bibi, ile ya vitufe, iliyofungwa kwa raba betri isitoke.

"We mtoto, kumekucha lini?"

"Najizoeza, mama. Jana nilikosea tarakimu ya mwisho."

"Na leo?"

"Leo sikosei hata ukinitekenya."

Akamtekenya. Chiriku, mwenye miaka sita na domo la kustahili jina lake, akaitaja namba ya mama yake mwanzo mpaka mwisho huku akicheka mpaka kwikwi. Hakukosea. Mama akageukia dari akang'ata mdomo. Zilibaki siku kumi na moja. Baada ya hapo ni miaka miwili ya kupiga pasi mashuka ya hoteli ng'ambo, mbali kiasi kwamba huku watu wakianza kazi, huko wanazima taa.

Mengine yote alikuwa ameyameza: baridi, zamu za kusimama, kulala wanne chumba kimoja. Moja tu lilimkwama kooni. Wakala aliyewatafutia kazi alitaka kila mtu aondoke na simu ya kampuni. "Ya bure!" alisema, kama anayegawa peremende.

Lakini jirani yao, Mama Pacha, alikuwa amerudi kutoka huko huko, akasimulia. Ukihamishwa jengo, namba inabadilishwa. Jioni simu zinakusanywa. Wanawe walipiga namba ya kwanza mpaka wakachoka, akawa anapokea mwanamume wasiyeelewana naye hata salamu. Aliporudi na masanduku yake, yule mdogo alimfungulia mlango kwa adabu zote: "Shikamoo. Unamtafuta nani?"

"Mimi sitaulizwa swali hilo," Mama Chiriku alisema, akaenda moja kwa moja kwa fundi simu.

Kibanda cha fundi kilikuwa chembamba kuliko kabati. Mwenyewe alikuwa na miwani iliyofungwa uzi.

"Umekuja na bei gani, dada?"

"Bei ya jozi ya viatu. Vya mtumba."

"Basi hizi za mbele zisikutoe macho. Hizi ni za kuendea harusini." Akainama chini ya meza, akatoka na simu iliyokwaruzika uso. "Huyu sura imeharibika, roho nzima. Ana matundu mawili ya laini, na hajafungwa kwenye mtandao wowote. Laini ya nchi yoyote anaipokea."

Akamweleza taratibu, kidole juu ya kila tundu. Hapa inakaa laini yake ya siku zote. Data yake aizime kabla ya kupanda ndege, na akiwa huko asipokee simu kwenye laini hiyo, atakatwa mpaka alie. Pale, akifika, aweke laini ya huko ya kulipia kabla, anunue kifurushi cha mwezi. Kwa mtandao huo atapiga nyumbani kwa bei ndogo, hata kwenye simu ya vitufe. Programu yake fundi angemwekea.

"Na mtoto akinitaka yeye?"

"Anajua kubipu?"

"Alijua kubipu kabla ya kufunga viatu."

"Umemaliza. Akubipu kwenye namba anayoijua. Wewe usipokee. Iite, inyamaze, halafu umpigie. Hajalipa yeye, hujalipa wewe. Na kila mwezi bibi yake aiongezee salio kidogo hiyo laini, isife."

Wakajaribu palepale. Fundi akabipu, Mama Chiriku akapokea. Akabipu tena, akapokea tena. Ya tatu aliiona kabisa inakuja, akapokea.

"Dada! Simu nzima, mbovu ni mkono wako!"

"Miaka sita, fundi, simu ikiita najua mtoto kaanguka. Nawezaje kuitazama tu?"

"Basi tafuta pa kuuweka huo mkono."

Siku ya kuchukua tiketi alimwambia Chiriku: "Saa nne nibipu. Peke yako. Bibi asikusaidie."

Ofisini kwa wakala feni ilitikisika kama inataka kushuka. Mezani palikuwa na boksi la simu nyeusi zinazofanana, na wanawake sita walishachukua zao.

"Asiyechukua simu hapewi tiketi," wakala alisema.

"Nionyeshe palipoandikwa, kaka."

"Kumbe wewe mwanasheria?"

"Mimi mpiga pasi. Nguo naitazama mkunjo mmoja mmoja, na karatasi vivyo hivyo." Akaufunua mkataba. "Hapa wanasema simu atapewa anayehitaji. Sihitaji. Ninayo."

Akaiweka mezani.

"Hii?" Wakala akaiinua kwa vidole viwili. "Hii uwanja wa ndege wataomba ruhusa ya kuizika." Wanawake wakacheka, na Mama Chiriku naye akacheka kidogo. "Dada yangu, chukua ya kampuni. Mtoto atazoea namba mpya. Watoto wanasahau upesi."

Kicheko kikamfutika Mama Chiriku usoni.

"Wangu hatasahau. Sitampa nafasi hiyo."

Simu ikaita. Saa ya ukutani ilisema saa nne na dakika mbili. Mkono wake wa kulia ukaanza safari yenyewe. Akaurudisha, akaukalia. "Mwanangu huyo," alisema.

"Pokea basi," wakala alisema.

Hakupokea. Simu ikaita, ikatetemeka mpaka ukingoni mwa meza.

"Mtoto wako huyo! Unamtazama tu? Mama gani wewe?"

Machozi yalimjaa, lakini hakusogea. Simu ikanyamaza. Ndipo akautoa mkono, umekufa ganzi, akabonyeza kupiga, akafungua spika.

Ilipokuwa bado inaita upande wa pili, mwanamke mmoja akamnong'oneza: "Huyo fundi yuko wapi?" Akairudisha simu yake boksini. Wa pili akafuata. Wakala akaupekua mkataba mbele na nyuma, asipate pa kushika, akaisukuma tiketi juu ya meza.

"Chukua. Uondoke kabla hujaniharibia ofisi yote."

"Andika kwanza kwamba nimekataa simu yenu. Kwa herufi kubwa."

Akaandika. Simu ikapokelewa, raba ikasikika ikigusa kitu, na pumzi ndogo ikajaa ofisini.

"Mama, nimebipu mwenyewe."