Vidonge vya Bilhah

Mimi si mtu wa kuogopa ovyo. Nimeshakanyaga nyoka katikati ya majani chai na nikaendelea kuchuma. Lakini kifafa cha binti yangu Chepchumba kiliniogopesha miaka saba, na ile Jumanne ya Juni 1996 ndiyo nilijua uoga ni kitu gani.

Alikuwa na miaka kumi na minne. Dawa yake ya kifafa alikuwa anameza kila jioni, na mwaka mzima hakuwa ameanguka. Sasa baridi ya Kericho ikamshika kifua. Asubuhi ile alikuwa anapumua kwa kupiga filimbi, mbavu zinaingia ndani. Jirani yangu Bilhah, Mkisii tuliyepakana naye ukuta kwenye nyumba za wachumaji, ana pumu tangu utotoni. Akanitolea vidonge vyake.

"Mama Chepchumba, mpe nusu tu," akasema. "Na usinitaje. Nesi wa zahanati alisema akinipata nikigawa dawa, atachukua kadi yangu ya matibabu."

Nusu! Na mimi na haraka zangu hizi! Nilimpa kizima, na kikombe cha strungi, chai ya rangi iliyokolea mpaka ikawa nyeusi, maana huku kwetu mgonjwa hakosi chai. Kifua hakikufunguka. Nikampa kingine na chai nyingine. Kufikia saa nne alikuwa amemeza vinne. Mikono ikaanza kumtetemeka, akatapika, akasema, "Mama, moyo unanikimbia. Usinipe tena."

"Wacha kudeka," nikamwambia. "Meza." Akameza cha tano.

Haikupita muda akaanguka. Zamani ilikuwa dakika mbili, analala, tunamshukuru Mungu. Siku hiyo haikuisha. Akilegea, nasema asante Yesu, mara mwili unakakamaa tena na macho yanageuka meupe. Nilipiga nduru. Bilhah akasimamisha trekta ya kubeba majani, tukamlaza juu ya magunia, tukaenda naye mbio mpaka zahanati.

Daktari Momanyi akamdunga sindano ya kifafa. Kikatulia kidogo, kikarudi. Na kifua bado kinalia.

"Amemeza dawa gani leo?" akauliza.

Bilhah alikuwa mlangoni. Tulitazamana.

"Hakuna," nikasema. "Ni ile yake ya kifafa tu, ya jana jioni."

"Una hakika?"

"Hakika kabisa, daktari."

Ulimi huu! Nilijiambia namkinga Bilhah. Uongo mtupu. Niliogopa daktari ajue kwamba mtoto alinikataza na mimi nikamlazimisha.

Daktari akavunja chupa nyingine ndogo, akavuta dawa. "Basi nifungue kifua, kisije kikammaliza kabla ya kifafa. Hii ni dawa ya pumu. Ni kama vile vidonge vya wenye pumu, ila hii inapita kwa mshipa."

Akafunga mpira kwenye mkono wa mtoto wangu. Nikaona mshipa ukiinuka. Moyoni nilikuwa napiga kelele: sema, mwanamke, sema! Daktari akapangusa ngozi kwa pamba, akashusha sindano, na mimi nimesimama pale kimya, nimeshika kitambaa changu cha kichwa.

"Daktari, simama!" Ni Bilhah. "Amemeza vidonge vyangu vya pumu. Nilimpa mimi."

"Vingapi?"

Hapo ndipo sauti yangu ilitoka. "Vitano."

Daktari alitupa ile sindano kwenye sinia. Akanitazama, heri angenitukana. "Mama, kwenye ubongo kuna kitu kinaitwa adenosini. Kifafa kikiwaka, hiyo ndiyo inakizima. Dawa ya pumu inakalia kiti chake. Adenosini inafika, inakosa pa kukaa, moto unaendelea kuwaka. Hata chai kali inafanya hivyo, ila kidogo. Ningemwongezea hii, ungerudi nyumbani na maiti."

Akapigia hospitali kubwa simu, gari likaja. Siku mbili nilikaa sakafuni kando ya kitanda, kila akitikisa kidole nadhani kimeanza tena. Sikuweza kuomba. Ningemwambia Mungu nini?

Siku ya tatu Chepchumba akafungua macho. Bilhah alikuwa amekuja na uji, ingawa kadi yake ilikuwa imechukuliwa, na yeye mwenyewe alikuwa anahema baada ya kupanda zile ngazi. Nesi wa wodi, katika porojo zake, akamwambia mtoto ana bahati, kuna mtu aliyemzuia daktari, sindano ikiwa tayari kuingia.

"Nani?" Chepchumba akauliza.

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua.

"Nani tena?" Bilhah akasema, anakoroga uji. "Ni mamako."

Mtoto akanyoosha mkono akaushika wangu, akaukaza kwa ile nguvu kidogo aliyokuwa nayo. "Nilijua tu," akasema.

Nami nikanyamaza.