Vikombe Saba vya Winifrida

Winifrida alikuwa na miaka arobaini na mitatu alipomwambia Mungu kwamba huo utakuwa mwaka wa mwisho wa kujaribu. Alikuwa msafishaji katika zahanati ya Makere, na mganga mfawidhi alikuwa amemwahidi kwamba akifaulu mtihani wa maarifa, ule wanaoufanya watu wazima waliokosa sekondari, atampigania apate nafasi ya kusomea uhudumu wa afya. Mwaka wa 2013 alianguka, na kilichomwangusha ni Hisabati. Sasa ulikuwa 2014.

Masomo ya jioni yalikuwa Kasulu mjini. Kutoka Makere hakuweza kwenda ila Jumamosi, na wenzake wa Busunzu, kule Kibondo, hawakuweza kwenda kabisa. Ndiyo maana Mwalimu Asmahani, binti wa Tanga aliyepangiwa kazi Kasulu, aliwafungulia kundi la WhatsApp. Loyce, binti yake Winifrida, alimwachia mama simu yake ya zamani ya kupangusa, yenye ufa kwenye kioo.

Mwanzoni kundi lile lilikuwa kama gulio. Somo lilitumwa asubuhi, na kabla ya mchana limekwisha kufunikwa na tangazo la msiba, picha ya malaika, mbuzi aliyepotea na baraka za siku. Winifrida mwenyewe alizituma baraka hizo kwa wingi, maana ndiye aliyeongoza sala katika jumuiya yake.

Mwalimu hakuwafukuza wala hakuwakaripia. Jumamosi moja alibandika ubaoni karatasi kubwa ya manila, na picha yake akaituma kwenye kundi kwa ajili ya walio mbali. Alikuwa ameichora Hisabati yote kama ngazi, vidato arobaini, kila kidato na namba yake, na mishale ikionyesha kipi hutangulia kipi. Kuanzia siku hiyo, kila swali, picha au jibu lililotumwa kwenye kundi lilianza na namba ya kidato chake. Ukiitafuta namba hiyo kwenye simu, yote yaliyowahi kusemwa juu yake yanakuja pamoja. Winifrida aliitazama karatasi ile akasisimka. Ilikuwa kama rozari: kila punje na mahali pake, na hakuna anayefika ya mwisho kwa kuruka. Alimshukuru Mungu kwa akili aliyompa yule binti aliyesali kwa namna nyingine.

Kila baada ya siku chache mwalimu alitangaza kidato kipya, na aliyekielewa alitakiwa aandike namba yake. Hapo ndipo lilipoingia kosa, na liliingia kwa mlango wa adabu. Katika jumuiya, anayeongoza akisema, watu huitikia. Kumwacha mtu azungumze mbele ya watu walionyamaza ni kumvunjia heshima. Basi mwalimu alipotangaza kidato cha saba, uwiano, Winifrida aliandika mara moja, "Saba, Mwalimu." Akafuata Pasikali, mnunuzi wa maharage wa Busunzu: "Saba, ubarikiwe." Wakafuata wengine, saba, saba, mpaka ishirini na wawili. Mwalimu akafurahi, akapanda kidato cha nane, cha tisa, cha kumi.

Ndipo akatuma swali moja la jaribio. Saruji na mchanga vimechanganywa kwa uwiano wa moja kwa nne, na ndoo zote ni ishirini. Saruji ni ndoo ngapi?

Winifrida aligawa ishirini kwa nne, akawahi kujibu: tano. Watu kumi na tisa wakajibu tano.

Mwalimu aliandika kwamba wamekosea kwa pamoja kama kwaya, na kwamba hajui tena nani yuko wapi. Aliomba aliyekwama aseme.

Winifrida alisali jioni hiyo na sala haikwenda. Kila aliposema "utusamehe makosa yetu" aliiona ile saba yake ikiwa mbele ya saba zote. Aliinuka, akashika simu, akajirekodi kwa sauti.

"Mwalimu, mimi Winifrida, saba sijafika. Niliandika kwa sababu wewe ulisema, nami sikutaka maneno yako yaanguke chini bila kuitikiwa. Na nadhani wenzangu wamenifuata mimi."

Baadaye kidogo akaingia Pasikali. "Mama Loyce, mimi niko kidato cha nne tangu mwezi wa sita. Nilikuwa nimeshika tu upindo wa kitenge chako."

Kisha namba za kweli zikaanza kuja, kwa haya: tano, tatu, sita, tatu.

"Leo ndiyo nimewajua wanafunzi wangu," Asmahani aliandika. Akamuuliza Winifrida kama kuna kitu anachochanganya kazini. Winifrida akajibu kwamba kila asubuhi huchanganya dawa ya klorini ya kuoshea sakafu na vifaa: kikombe kimoja cha dawa, sita vya maji. Dawa basi, aliandika, ni moja ya sita.

"Kesho, mama, usivimimine ndooni kwanza. Vipange, uvihesabu."

Asubuhi Winifrida alivipanga kwenye benchi la nje, kimoja cha dawa na sita vya maji. Akahesabu kwa kidole. Akahesabu tena kuanzia upande wa pili. Miaka tisa alikuwa akivimimina vikombe vile, na hakuwahi kuviona vikiwa saba. Dawa ilikuwa kimoja katika saba. Na saruji je? Moja na nne ni tano. Ishirini kwa tano ni nne. Ndoo nne. Alijikuta akicheka peke yake na ndoo mkononi.

Alivipiga picha vikombe vile, akaituma picha hiyo ikiwa na namba saba mbele. Mwalimu aliiweka kichwani mwa kidato hicho, akaandika chini yake: "Kwanza tazameni vikombe vya Mama Loyce."

Mtihani ulikuja mwezi wa kumi na moja. Swali la uwiano lilikuwa la maziwa na maji, na Winifrida alichora vikombe pembeni mwa karatasi kabla ya kuandika namba yoyote. Matokeo yalipotoka alikuwa amepata D ya Hisabati, na D inatosha. Mganga mfawidhi aliyasoma matokeo hayo mara mbili, kisha akaomba majina yake matatu kwa ajili ya barua ya kumwombea nafasi ya masomo.

Hakuondoka kwenye kundi. Mwaka 2015 aliingizwa mwanamke mgeni wa Busunzu, Veronica, mwenye heshima nyingi. Mwalimu alipotangaza uwiano, Veronica akaitikia kabla ya dakika kwisha: "Saba, Mwalimu."

Winifrida alitabasamu. Akamwandikia pembeni, wasikoona watu, akianza kwa salamu ya Kiha: "Mwakeye, dada. Nenda kwenye ile picha, kisha uniambie. Vikombe ni vingapi?"