Udongo Urudio Jioni

Asubuhi ya Jumatatu, alipomaliza kukamua ng'ombe, Marieta alitazama bondeni akaona watu wakichimba shimo katika shamba la shemeji yake, Basili, pale kijijini Daudi. Ulikuwa mwaka ule mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha. Wataalamu walikuwa wakizunguka wilaya za Mbulu na Hanang kupima aina za udongo, na jinsi milima na mabonde yalivyozizaa.

Marieta alishuka. Shamba lile lilikuwa la marehemu mumewe, Yohanes. Baada ya matanga Basili alilitwaa, akamwachia mjane sehemu ya juu ya mlima, ambayo mvua ilikuwa imeichuna hadi mawe.

"Shemeji, umekuja kupalilia au kuchungulia?" Basili aliuliza.

"Nimekuja kuamkiwa na wageni wako."

Mpimaji, kijana aitwaye Sebastiani, alielewa upesi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Sebastiani alisimama ndani ya shimo hadi kifuani, akionyesha matabaka kwa ncha ya kisu. Juu palikuwa na udongo mwekundu, wenye kina kupita urefu wa mkono wa mtu. Chini yake mweusi, wa bonde lenyewe. Alieleza kwamba kule Hanang udongo mwingi ni majivu ya mlima uliowahi kutema moto, lakini huku kila mlima hujichuna wenyewe na kujaza bonde lake.

"Huu mwekundu si wa hapa," akasema, akielekeza kisu kwenye nyumba ya Marieta. "Kwao ni kule juu."

Aliyasema hayo kwa sauti, udongo ukiwepo.

Jioni, mbuzi walipokuwa wakirudi, udongo mwekundu nao ulipanda. Ulifuata njia ya miguu, taratibu, ukikaa upande mmoja ili kuwapisha wenye mizigo. Philomena, jirani, aliyekuwa akitoka kuteka maji, aliusubiri upite, kisha akapaza sauti: "Marieta, fungua! Udongo wako umefika."

Marieta aliondoa miiba langoni. Udongo ukaingia, ukajitandaza juu ya mawe, ukatulia. Ulinukia tumbaku ya Yohanes.

Asubuhi, kengele ya misioni ilipolia, uliamka ukateremka kwa Basili.

Ikawa hivyo kila siku. Marieta alipanda mahindi jioni. Asubuhi mbegu zilishuka pamoja na udongo, zikaota bondeni. Hakuna aliyekosea zipi ni za nani, kwa kuwa Marieta hupanda mistari ya kukinga mteremko, na Basili hupanda ya kuufuata. Basili alizipalilia zote bila ubaguzi. Mahindi yalipokomaa, Marieta alikwenda kwenye baraza la wazee kudai mavuno yake.

Mzee Akonaay, mkuu wa baraza, aliamua kwa desturi ya ng'ombe wa kukabidhiana. "Mtu humpa mwenziwe ng'ombe amlishie. Mlishaji hunywa maziwa na kuchukua samadi, lakini ng'ombe hubaki wa mwenyewe. Basi udongo ni wa Marieta. Mavuno ni ya Basili, kwa kuwa ndiye anayeulisha."

"Na ninaulisha vizuri, wazee," Basili alisema. "Mtazameni ulivyonenepa."

Watu wakacheka.

"Mimi sikumkabidhi mtu," alisema Marieta.

"Mvua ilikabidhi kwa niaba yako."

Marieta alifunga khanga yake vizuri. "Haya. Ndama wa ng'ombe aliyekabidhiwa ni wa nani?"

"Wa mwenye ng'ombe," Akonaay alikiri.

"Basi nipeni ndama wangu."

Wazee walinong'onezana hadi vivuli vikarefuka. Mwishowe Akonaay alikohoa. "Udongo hauzai ndama, binti yangu."

Baraza likafungwa kwa sala.

Marieta alipanda mlima kabla jua halijazama, akaondoa miiba langoni. Udongo ulifika ukiwa umechoka, umejaa vipande vya mizizi ya mahindi aliyoyavuna Basili. Alipiga magoti akavitoa kimoja kimoja, kama mtu amtoaye kupe ng'ombe aliyekaa kwa watu, kisha akauacha upumzike.

Kengele ya asubuhi ilipolia, aliufungulia lango.