Uchafu wa Pambizoni

Kwa Bwana Anselme, fundi wa vitabu vikuukuu mjini Lyon, kitabu kilichoandikwaandikwa pembeni kilikuwa kichafu, basi. Dawa yake ilikuwa kukifumua, kulaza kurasa kwenye beseni la klorini, kisha kuzianika kambani kama nepi. Mwaka ule wa 1954 wateja walitaka weupe.

Asubuhi hiyo Odile, aliyefanya naye kazi miaka ishirini, alikuwa ameshaanika kurasa nane za mwanzo za kitabu cha mashairi ya wanawake, chenye umri wa miaka mia nne. Alipoinua ya tisa, jicho likanasa kwenye mwandiko wa kando: "Sikuandika hivi. Mchapishaji kanitilia machozi, nami sikulia."

Sikuandika! Kumbe mwenye kuchafua ndiye mshairi mwenyewe.

Odile akasahau beseni. Kila shairi lililosalia la "Bibi Mmoja wa Lyon", kama kitabu kilivyomwita mshairi huyo, lilikuwa na ugomvi pembeni: hapa tusi limelainishwa, pale busu limeondolewa. Mwishoni bibi aliandika: "Jina langu wamelificha. Nimeliandika mwenyewe ukurasa wa kwanza."

Odile akageukia kamba. Pambizo za ukurasa wa kwanza zilikuwa nyeupe pe.

"Bwana Anselme, tumemfuta mtu."

"Umemfuta wewe. Nani huyo?"

"Ndicho ninachotaka kujua."

"Mteja anakuja saa kumi, mama. Anataka kitabu, hataki umbea wa marehemu."

"Mwambie nina homa. Naenda kwa muuza stempu."

Muuza stempu alikuwa na taa ya zambarau ya kunasia stempu bandia. Taa hiyo huonyesha hata wino uliofutika. Odile aliiazima, akarudi mbio, akafunga mapazia. Bwana Anselme alinung'unika, lakini shingo aliinyoosha.

Pale kalamu ilipokandamiza sana, herufi zilijitokeza moja moja: "mke wa Guyot Mazerand." Kabla ya maneno hayo, pale jina lake mwenyewe lilipokuwa, hapakusalia kitu. Na chini ya ukurasa uleule, kwa chapa nene, lilikuwapo jina la mchapishaji: Guyot Mazerand.

Bwana Anselme akakohoa. "Kumbe ni mumewe aliyemtilia machozi. Haya, angalau jina tumepata."

"La mume," alisema Odile.

Alilia bila kujificha. Kisha akalibeba beseni, akaimwaga klorini yote uani, huku mteja akibisha mlangoni.